Wiki Tano za Mionzi na Mkwe Wangu

Nilianza kuona damu chooni mwaka ule niliostaafu ualimu. Ilikuwa kidogo, nyekundu kabisa, nikajiambia ni bawasiri. Nikanunua dawa ya kupaka, nikawa nakula papai kila asubuhi, nikanyamaza. Miezi ikaenda. Ikafika hatua ninakwenda haja mara sita au saba kwa siku, na kila nikitoka nahisi bado kuna kitu kimebaki. Sketi zangu zote nikazitia pini kiunoni maana zilikuwa zinadondoka. Hata hapo sikumwambia mtu.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Mimi nilifundisha Kiswahili na sayansi shule ya msingi kwa zaidi ya miaka thelathini. Kila mwaka nilichora ubaoni njia ya chakula kuanzia mdomoni, na kila mwaka nikifika mwisho niliandika neno "puru" harakaharaka kisha nikafuta kabla watoto hawajaanza kucheka. Kwa hiyo neno nilikuwa nalo. Kumtazama mtu usoni na kumwambia kwamba pale ndipo ninapoumwa, hilo ndilo lililonishinda.

Aliyenigundua ni binti yangu. Ninaye huyo mmoja tu, na baba yake alifariki yeye akiwa darasa la pili, kwa hiyo tumezoea kuchunguzana. Alikuja kunisalimia Bujora akiwa na mimba ya miezi saba, akaingia bafuni, akakuta kanga nimeiloweka kwenye beseni na maji yamekuwa mekundu.

"Mama, hii damu ya nini?"

"Bawasiri tu."

"Tangu lini?"

Akaniangalia, akaangalia zile pini kiunoni.

"Kesho tunakwenda hospitali."

"Kesho nina kikao cha akina mama kanisani."

"Mama, sijakuuliza una nini kesho."

Daktari wa kwanza alinipima kwa kidole, akavua glavu, akaandika. Akanipa barua ya kwenda hospitali ya rufaa. Huko wakapitisha kamera, wakakata kinyama kidogo cha kupima, wakanipiga picha za tumbo na kifua. Siku ya majibu daktari bingwa, mwanaume mrefu mwenye sauti ya chini, hakuzunguka. Alichukua karatasi akachora bomba, na ndani ya bomba akachora kitu kama ngumi.

"Mama, ni saratani ya puru. Imeshapenya ukuta wa utumbo na imeingia kwenye tezi za jirani. Ini na mapafu ni salama."

"Basi nikate uitoe," nikamwambia.

"Nikikukata leo nitaacha mabaki, kwa sababu imeshikilia pembeni. Kwanza tutakupiga mionzi mara ishirini na tano, Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki tano, huku unameza vidonge. Isinyae, iachie. Utapumzika kwanza, ndipo nikate."

"Nitapona?"

Akaweka kalamu chini. "Sijui, mama. Ninachojua ni kwamba tunakutibu kwa nia ya kukuponya, siyo kukutuliza maumivu tu."

Namshukuru mpaka leo kwa lile "sijui". Kama angeniahidi, nisingemwamini hata neno moja.

Sasa ikaja habari ya mahali pa kukaa. Kutoka Bujora kwenda na kurudi kila siku kwa wiki tano, nikiwa nakimbilia choo kila saa, isingewezekana. Binti yangu na mume wake wanaishi Mirongo, si mbali na hospitali. Kila mtu aliona jibu liko wazi isipokuwa mimi.

Kwa sisi Wasukuma wa upande wetu, mama mkwe na mkwe wa kiume hawasogeleani. Hampeani mikono, hamli chumba kimoja, hamketi benchi moja. Mkikutana njiani, mmoja anapisha. Siyo ugomvi, ni heshima. Mkwe wangu alikuwa amemuoa binti yangu kwa miaka minne, na sidhani kama tulikuwa tumeambiana zaidi ya "shikamoo mama" na "marahaba baba", naye ameinamisha kichwa. Sikuwa nimelala nyumbani kwake hata mara moja. Na leo niende na ugonjwa huu, mahali hapo?

Yeye ni fundi wa mafriji. Nyuma ya nyumba yao, uani, alikuwa na chumba cha kuwekea vyuma na makopo ya gesi. Nilipofika na begi langu nilikuta vyuma vyote vimehamishwa, ukuta umepakwa chokaa, na mlango umetobolewa upande wa pili ili nisipite mbele ya mlango wao. Pembeni alikuwa amenijengea choo cha kukaa, kwa sababu binti yangu alimwambia kuchuchumaa kunanitesa. Nilisimama pale uani na begi mkononi. Yeye alikuwa tayari ameondoka, ili niingie kwa raha.

Kabla ya kuanza walinipangia mahali pa kupiga mionzi. Nililala kifudifudi kwenye ubao mgumu, nguo ikateremshwa, na binti mmoja mtaalamu wa mashine, ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanafunzi wangu, akanichora mistari ya wino kiunoni na kunichoma vidoa vitatu vidogo kama kichwa cha pini. Nilifumba macho wakati wote.

"Mama, unaona aibu?" akaniuliza.

"Sana."

"Mimi nikiangalia hapa naona vipimo tu. Mistari usiisugue ukioga. Na kila siku uje umeshakunywa maji nusu lita, kibofu kiwe kimejaa. Kikijaa kinasukuma utumbo mwingine pembeni, usiungue bure."

Wiki ile ile niliyoanza, binti yangu alijifungua kwa upasuaji. Mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti kubwa. Binti yangu hakuweza kuinua hata ndoo, achilia mbali kunisindikiza. Akabaki mkwe wangu peke yake, na wagonjwa wawili na kichanga, na mafriji ya watu yakimsubiri.

Tukatafuta namna. Asubuhi bajaji ilikuja kunichukua, na yeye akapanda pikipiki yake akawa anatangulia, ili tusikae kiti kimoja. Hospitalini alipeleka kadi yangu dirishani, kisha akaenda kukaa mabenchi mawili kutoka nilipo, ameangalia ukutani. Jina langu likiitwa aliinuka, akahakikisha nimeingia, akakaa tena. Nikitoka, alikuwa ameshaita bajaji. Siku tano kwa wiki tulikwenda hivyo, wala hatukuambiana neno zaidi ya salamu.

Mashine yenyewe haiumi. Watu wengi wananiuliza hilo. Unalala, wanakuweka sawa kwa taa nyembamba zinazoangukia kwenye vile vidoa, wanatoka, mlango mnene unafungwa. Kichwa kikubwa cha mashine kinakuzunguka kikivuma. Unasikia sauti kwenye spika: "Tulia hivyo hivyo, mama. Pumua kawaida." Baada ya dakika chache umemaliza. Wiki ya kwanza nilijiona shujaa. Nikampigia simu wifi yangu kule kijijini nikamwambia, mbona ni kama kupigwa picha tu.

Wiki ya pili uchovu ulinishika nikawa nalala mchana kama mtoto. Wiki ya tatu tumbo likaanza kuendesha, mkojo ukawa unachoma, na ngozi ya makalio ikawa mbichi kama imemwagiwa uji wa moto. Daktari alinipa dawa za kufunga tumbo na krimu, akaniambia nikalie maji ya uvuguvugu yenye chumvi, na niache sabuni zenye manukato. Nilifanya yote. Lakini kukaa kwenye bajaji, kwa barabara zile za mawe, niliuma meno njia nzima.

Siku moja asubuhi nilifungua mlango wangu nikakuta kitu kizingitini. Ilikuwa tyubu ya tairi la bajaji, imejazwa upepo nusu, imeshonewa gamba la kitenge, mshono mbaya wa mwanaume asiyejua sindano. Nikaiweka kwenye kiti nikaikalia. Pale palipokuwa panauma pakaning'inia hewani, hapakugusa kitu. Nilikaa pale muda mrefu. Nilitaka kumwambia asante, lakini yeye alikuwa ameshawasha pikipiki nje, ananisubiri amenipa mgongo.

Kwenye foleni yetu kulikuwa na mama mmoja wa Kihindi, mzee kuliko mimi, ambaye familia yake ina duka la vitambaa mjini toka enzi za babu zao. Yeye alitibiwa shingo ya kizazi, na zamu yake ilikuwa mbele ya yangu. Tulikunywa maji pamoja. Alikuja na bilauri mbili za chuma kwenye mkoba, akanimiminia moja kila siku. "Kunywa, dada, tujaze matenki." Siku hiyo nilipokuja na tyubu yangu ya kitenge alicheka mpaka akashika tumbo, kisha akaomba aijaribu. Akamwonyesha mkwe wangu kwa kidevu, kule alikokaa.

"Mwanao ana adabu sana. Wangu mimi wananiacha mlangoni wanakwenda dukani."

Nikataka kumwambia kwamba si mwanangu, ni mkwe, na kwamba ndiyo maana anakaa mbali. Nikaona maelezo ni marefu.

"Ndiyo," nikasema. "Ana adabu."

Jumatano ya wiki ya nne ndiyo siku ninayotaka kuieleza. Kuna mgonjwa aliletwa kwa dharura, hawezi kupumua vizuri, wakampitisha mbele yetu. Ni haki yake. Lakini mimi nilikuwa nimeshakunywa maji, kibofu kimejaa, na tumbo likaanza kunikata. Nilijikaza. Nikahesabu vigae vya sakafu. Halafu nikaona siwezi, nikainuka kwenda chooni, na kabla sijafika nusu ya korido, kila kitu kikanitoka. Mbele za watu. Kikateremka miguuni, kikaingia kwenye viatu.

Nilisimama pale pale. Sikuweza kwenda mbele wala kurudi. Mwalimu mzima, ambaye vizazi vya watoto vilisimama nikiingia darasani.

Nikasikia hatua. Mkwe wangu alikuja bila kukimbia, akiangalia chini, akavua koti lake la kazi, lile la bluu lenye harufu ya grisi, akanizungushia kiunoni akafunga mikono ya koti kwa fundo. Kisha akanishika mkono. Ilikuwa mara ya kwanza ananigusa.

"Twende, mama," akasema. "Polepole."

Akanifikisha mlango wa choo cha wanawake. Mle ndani nilivua kila kitu, nikajimwagia maji ya ndoo, nikalia. Nje nilisikia akimwomba mhudumu wa usafi dekio, naye mhudumu akimwambia, "Acha kaka, hiyo ni kazi yangu," na yeye akisema, "Nisaidie basi, tufanye wote." Baadaye mlango ulisukumwa kidogo, mkono wa yule mama wa Kihindi ukapenya na sabuni ya kipande na kanga mpya mbili, bado zina karatasi ya dukani. Mkwe wangu alikuwa amekimbia kununua ng'ambo ya barabara, akampa yeye aniletee.

Nikajifunga. Lakini sikutoka.

"Mama," nikamsikia nje ya mlango. "Umeshavaa?"

"Nimevaa. Nirudishe Bujora."

"Baada ya mionzi?"

"Sipigi tena. Imetosha. Waambie nimeacha."

Nilidhani ameondoka. Kisha akaanza kuongea, na mtu huyu ambaye sikuwahi kumsikia akisema sentensi mbili mfululizo akaongea akiwa amesimama kwenye korido ya hospitali, mbele ya mlango wa choo cha wanawake.

"Mama, zimebaki nane pamoja na ya leo. Kama ni mimi unayenionea haya, nitakaa nje kule kwenye pikipiki, sitaingia ndani tena. Nitamtafuta dada yangu akusindikize. Lakini naomba usiniambie nirudi nyumbani nimwambie mwanao kwamba umeacha. Hilo siliwezi. Kila siku ananiuliza, mama amepiga? Namwambia amepiga. Nikimwambia hukupiga, ataamka na kidonda chake aje hapa kwa miguu. Unamjua."

Namjua. Angekuja kweli.

"Na mimi mwenyewe nakuomba," akaongeza, sauti imeshuka. "Siyo kwa ajili yake tu."

Nikafungua mlango. Alikuwa ameinamisha kichwa kama kawaida, amebaki na fulana, miguu ya suruali imelowa. Nikamwambia maneno ambayo nadhani nilikuwa nadaiwa toka siku ile ya choo cha kukaa na chokaa ukutani.

"Baba, asante. Nitakwenda. Usikae nje."

Yule binti wa mashine alikuwa ameshaelezwa. Hakuniuliza kitu. Alinipa nafasi ninywe maji upya, akawapitisha wengine, akaniita mwisho kabisa wa zamu ya asubuhi. Aliponilaza aliniwekea mkono mgongoni, akauacha pale kidogo kabla ya kutoka.

Tulipomaliza, mkwe wangu alimwachia mlinzi pikipiki yake akapanda bajaji pamoja nami. Alikaa upande mmoja, mimi upande mwingine kwenye tyubu yangu. Kila bajaji ilipopiga shimo alinyoosha mkono kunizuia nisiangukie mbele. Hatukusema kitu, ila hatukuwa tumenyamaza kwa kuogopana.

Jumapili wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alikuja kutuona na kuku wawili. Yeye ndiye mkubwa wa ukoo upande ule na ndiye anayeshika sana mila. Nikaona heri aisikie kwangu kuliko kwa watu. Nikamweleza yote, korido, koti, bajaji. Nilikuwa nimejiandaa kukemewa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Kijana alikuosha?"

"Hapana. Alinifunga koti tu."

"Hata angekuosha." Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Kaka yangu angekuwa hai angemchinjia ng'ombe. Muite hapa."

Mkwe wangu akaja, akasimama mlangoni. Wifi akamwambia aingie, akae kwenye kigoda. Akaingia kwa shida, kama mtu anayepita mlango mfupi. Wifi akasema mbele yetu wote kwamba kuanzia siku hiyo mimi na yeye tunaweza kukaa na kuongea, ukoo umekubali, na mwenye neno aende kwake. Kisha akaomba aletewe mjukuu ambebe.

Zile nane nilizimaliza. Wiki ya mwisho ilikuwa mbaya kuliko zote, sitasema uongo, na hata baada ya kumaliza ngozi iliendelea kuungua siku kumi nyingine kabla ya kuanza kupona. Lakini siku ya ishirini na tano yule mama wa Kihindi, ambaye alikuwa amemaliza siku mbili kabla, alikuja makusudi na boksi la jalebi, vile vitamu vya Kihindi vya sukari, akawagawia watu wote kwenye benchi, na mlinzi, na yule mhudumu wa usafi.

Nilipumzika wiki kadhaa. Picha zikapigwa tena. Daktari akaweka ya zamani na mpya kwenye kioo, na hata mimi nisiyejua kusoma picha niliona. Ile ngumi ilikuwa imebaki kama kidole gumba.

"Imeachia," akasema. "Sasa nakata."

Alikata. Kwa sababu uvimbe ulikuwa chini sana, aliondoa na njia yenyewe, na sasa haja yangu inatokea tumboni, upande wa kushoto, kwenye mfuko. Alikuwa ameniambia mapema na nilikuwa nimekubali, lakini siku ya kwanza kuuangalia niligeuza uso. Muuguzi alimfundisha binti yangu kuubadilisha, nami nikajifunza kwake. Siku hizi nabadilisha mwenyewe haraka kuliko kusuka nywele. Kipande kilichokatwa kilipopimwa, kingo zake zilikuwa safi. Tezi mbili bado zilikuwa na ugonjwa, kwa hiyo nilipewa dawa za dripu kwa miezi mingine. Nywele zilipungua, vidole vikafa ganzi. Vidole bado, nywele zimerudi.

Nimekwisha kupita mwaka wa pili toka upasuaji. Napimwa, narudi Bujora, nalima bustani ndogo ya mchicha, nakaa mbele kanisani. Mwaka jana nilisimama kwenye kikao cha akina mama, nikasema neno zima bila kulifuta, puru, na kwamba damu chooni haingojewi. Wawili walinifuata baadaye nyuma ya kanisa. Mmoja ilikuwa bawasiri kweli. Mwingine nilimsindikiza mwenyewe kwa daktari, na ameshaanza matibabu, mapema kuliko mimi.

Mwezi uliopita, nilipokwenda kupimwa, nilipitia chumba cha mionzi na mfuko wa michembe, viazi vitamu vya kukausha, niliyoianika mwenyewe. Mkwe wangu aliubeba. Yule binti wa mashine alitoka akiwa na haraka, akanitazama sekunde moja, kisha akanikumbatia mbele ya foleni nzima.

"Shikamoo mama! Umenenepa!"

"Marahaba. Nimekuletea michembe."

Akafungua mfuko, akanusa, akachungulia mpaka chini kama anayetafuta kitu.

"Na karanga, mama? Michembe bila karanga?"

Mkwe wangu akaanza kucheka, nami nikacheka, na wagonjwa waliokuwa wanakunywa maji yao pale kwenye benchi wakacheka na sisi, ingawa wengine hawakujua tunacheka nini.